Land Cruiser kuukuu: Ukarabati ambao mwenye gari anaweza kujifanyia nyumbani

MAGARI ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yalianza kuuzwa mwaka wa 1984, na hadi leo mengi ya yale ya zamani yangali yanabeba abiria, wagonjwa, mbuzi na magunia katika barabara za Marsabit, Turkana na Samburu. Wenye magari hayo hawayang'ang'anii kwa mapenzi tu. Kanuni za Kenya haziruhusu gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, hivyo asiyemudu gari jipya zaidi hana budi kulikarabati lile alilo nalo.

Injini ya dizeli ya 1HZ, iliyoanza kuwekwa katika magari hayo mwaka wa 1990, inamfaa mtu mwenye spana chache. Ina silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya dizeli haiendeshwi na kompyuta. Uimara huo umewapumbaza wengi wakadhani haihitaji uangalizi. Ukweli ni kwamba joto, vumbi na maji huliua gari kama hili mapema kuliko wingi wa kilomita, na yote matatu hutanguliza dalili ambazo mwenye gari anaweza kuzitambua uani kwake.

Joto la injini

Maji ya rejeta hukaguliwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Anayefungua kifuniko injini ikiwa moto hujiweka katika hatari ya kuunguzwa uso na mikono na maji yanayoruka. Maji ya kisima peke yake hujenga kutu na magamba ndani ya injini. Inafaa kutumia kulanti, iliyochanganywa kama mtengenezaji alivyoagiza. Matope na nyasi zilizokwama katika mapezi ya rejeta huoshwa taratibu kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea mbele.

Injini hii ikichemka, kichwa chake kinaweza kupata nyufa au gasketi yake kuungua. Dalili ni mapovu yasiyokoma katika rejeta, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, au mipira ya rejeta kuwa migumu muda mfupi tu baada ya injini baridi kuwashwa. Gari lenye dalili hizo lisiendeshwe. Dereva anayeona mshale wa joto ukipanda kisha akajikaza hadi mji ulio mbele, huenda akageuza kasoro ya mpira mmoja kuwa gharama ya injini nzima.

Mkanda wa taimingi

Mkanda huu huzungusha kemshafti pamoja na pampu ya dizeli. Ukikatika injini ikiwa kasi, pistoni hugonga vali na injini huharibika papo hapo. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mtu anayenunua gari kuukuu lisilo na kumbukumbu za matengenezo asikubali maneno matupu ya muuzaji. Ni heri aubadilishe mkanda pamoja na beringi ya kuukaza, kisha aandike kipimo cha kilomita cha siku hiyo. Asiyewahi kuifanya kazi hii amwachie fundi, kwa kuwa alama za taimingi zikikosewa, hasara ni ile ile.

Hewa na dizeli

Vumbi linalopenya filta ya hewa hukwangua silinda. Baada ya safari ya jangwani kama Chalbi, filta hutolewa na kupulizwa kwa hewa kutoka ndani kwenda nje. Iliyotoboka hutupwa. Mpira unaounganisha filta na injini nao uchunguzwe, kwani ufa mdogo huruhusu vumbi kupita bila kuchujwa.

Chini ya filta ya dizeli kuna kizibo cha kutolea maji. Hufunguliwa juu ya chupa hadi dizeli safi itoke, kisha pampu ya mkono iliyo juu ya filta husukumwa ili kuondoa hewa. Kazi hii haichukui muda mrefu, nayo huokoa pampu ya dizeli, ambayo ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi katika gari. Pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe, ndiyo maana dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huila polepole. Uchanganyaji huo uliifanya serikali mwaka wa 2018 iweke ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Moshi pia hueleza hali ya injini. Moshi mweusi huashiria filta iliyoziba au nozeli mbovu. Wa buluu huonyesha kuwa oili inaungua. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto, huenda ukawa wa maji yanayoingia katika silinda au wa dizeli isiyoungua vyema.

Ekseli na magurudumu

Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna chuma cha mviringo kilichojazwa grisi. Grisi nyepesi nyeusi ikitiririka hapo, sili ya ndani imechakaa na oili ya difu inachanganyika na grisi. Ikiachwa, oili hiyo inaweza kufika kwenye breki, na gari lililojaa abiria likakosa kusimama mteremkoni.

Beringi hukaguliwa kwa kuinua gurudumu, kulishika juu na chini, kisha kulitikisa. Likicheza, msaidizi hukanyaga breki huku utikisaji ukiendelea. Mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, beringi za kingpini ndizo mbovu. Za gurudumu zinaweza kutolewa, zikaoshwa kwa dizeli, zikakaushwa na kupakwa grisi mpya.

Kila ekseli pia ina tundu la kupumulia. Likiziba, oili husukumwa nje kupitia sili. Na difu moto ikizama mtoni, hupoa ghafla na kuvuta maji ndani. Oili ya difu yenye weupe baada ya kuvuka mto imwagwe mara moja. Viungo vya propela navyo hutiwa grisi mara kwa mara, hasa baada ya matope.

Usalama kwanza

Jeki ni ya kuinulia gari, haikuundwa kulishikilia mtu akiwa chini yake. Kabla ya yeyote kuingia uvunguni, gari lisimame mahali tambarare palipo pagumu, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa magogo au mawe, na fremu iketi juu ya stendi za chuma. Mawe ya ujenzi yasitumiwe badala ya stendi, kwa kuwa hupasuka bila onyo. Oili chafu ihifadhiwe katika mtungi wenye kifuniko. Ikimwagwa ardhini hufika kwenye visima.

Mambo ya fundi

Pampu ya dizeli, nozeli, kichwa cha injini na upimaji wa vali vinahitaji vifaa ambavyo si rahisi kuwa navyo nyumbani. Mwenye gari aliyefanya ukaguzi wake huingia gereji akijua tatizo liko wapi, na si rahisi auziwe kipuri asichohitaji. Vipuri bandia navyo ni vingi sokoni. Beringi na vipuri vya breki vinunuliwe kwa muuzaji anayetoa risiti, na kipuri kipya kilinganishwe na cha zamani kabla ya kufungwa.

Kifaa chenye bei ya chini kuliko vyote ni daftari. Kila oili inayobadilishwa, kila beringi na kila mkanda huandikwa pamoja na tarehe na kilomita. Gari linalotumiwa mahali penye vumbi hubadilishiwa oili mapema kuliko la mjini, na bila daftari hakuna anayekumbuka. Usiku wa manane mgonjwa akihitaji kukimbizwa hospitalini, dereva mwenye daftari huwa anajua kama gari lake litafika.