Mandhari na maleba katika filamu za Tanzania

Mandhari na maleba ni vyote vinavyoonekana katika filamu hata kabla mhusika hajafungua kinywa: mahali, nyumba, samani, mavazi, mapambo ya mwili, rangi, mwanga, na nafasi aliyopewa kila mtu mbele ya kamera. Kwa hivyo mtazamaji hujua kisa kinatokea wapi na lini, mhusika ni mtu wa namna gani, na kama aingie na hofu au na furaha. Nchini Tanzania matumizi yake yametegemea sana nani ameshika kamera.

Chimbuko

Mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment (1935–1937), wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitoa filamu zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya na akiba. Viongozi wake, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walishikilia kwamba mtazamaji Mwafrika asiyezoea sinema anahitaji picha nyepesi za mwendo wa polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili zilizopigwa na kampuni ya Afrika Kusini. Katika mojawapo, Muhogo Mchungu, Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kulaghaiwa.

Hatari! (1962)

Filamu hii ya Howard Hawks iliitangaza Tanganyika ya kaskazini kwa watazamaji wengi wa nje. Ilipigwa kuanzia mwishoni mwa 1960, Momella chini ya Mlima Meru na kwingineko kaskazini, ikatoka nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru (9 Desemba 1961). Inasimulia kundi la wazungu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama. Mwigizaji John Wayne anaketi kwenye kiti kilichofungwa ubavuni mwa pua ya lori, kitanzi cha kamba mkononi, vumbi likimjaa usoni huku kifaru akikimbia sambamba na gurudumu. Waigizaji wenyewe walishiriki kukamata wanyama, na hilo laonekana: mishipa ya shingo na mkao wa mwili si vya kuigiza. Mpiga picha Russell Harlan aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Hardy Krüger, mwigizaji Mjerumani, alipapenda Momella akanunua shamba huko.

Uzuri huo una gharama yake. Khaki, kofia na bunduki vinawapa wageni tabia na historia. Wenyeji huonekana zaidi kama sehemu ya mandhari. Waarusha wanamvalisha na kumpaka rangi mhusika Dallas na kumwita Mama Tembo, lakini filamu haisimulii maisha yao.

Sebule na mitaa

Baada ya filamu ya Girlfriend (2003), filamu za video za Dar es Salaam zilijenga lugha yao ya picha: geti, gari, sofa kubwa na pazia zito zilitosha kumtambulisha tajiri. Mwigizaji Steven Kanumba (1984–2012) ndiye aliyekuwa uso wa mtindo huo. Vuta N'Kuvute (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilichukua njia nyingine na kuirudisha Zanzibar ya miaka ya 1950. Mji Mkongwe ulimpa mtengenezaji kuta na vichochoro vya zama hizo, kazi ambayo kwingine ingehitaji kujengwa upya.

Nchi ya Hanang na Mbulu

Mbali na Dar es Salaam na Zanzibar, Hirbadaw na vijiji jirani vya Hanang na Mbulu viko katika eneo lenye utajiri mkubwa wa picha. Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417, umesimama peke yake, na kivuli chake humwonyesha mtazamaji saa ya mchana bila maneno. Mwanamke wa Kibarbaig, jamii ya wafugaji wa huko, kwa desturi huvaa sketi ya ngozi iliyokatwa nyuzi nyembamba, bangili za shaba, na pengine chale za duara kuzunguka macho. Anapotembea, nyuzi hizo huyumba, na mwendo wake tu ni utambulisho tosha. Mtengenezaji akimvisha vazi hilo kwa ajili ya rangi tu, amepoteza nusu ya maana yake.

Picha nzito zaidi ziko tambarare za Basotu. Katika miaka ya 1970 shirika la umma NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua huko mashamba makubwa ya ngano kwenye malisho ya Wabarbaig. Boma la miiba likiwekwa mbele ya ngano isiyo na mwisho, mgogoro mzima wa ardhi umeingia katika fremu moja. Hata bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee yanayoinuliwa kwa udongo kwa miezi kadhaa, yaliguswa na matrekta. Kichuguu cha kaburi kikionyeshwa kwa karibu, kisha jembe la trekta, hakuna haja ya msimulizi.

Hali ya sasa

Upigaji filamu huhitaji kibali cha Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Filamu nyingi bado hupigwa Dar es Salaam.