Kidonda cha kuku na hatari ya nzi: Jinsi ya kutibu na kukinga

JERAHA dogo mgongoni mwa kuku laweza kuonekana si kitu, hasa kwa mfugaji aliyezoea kumwona ndege huyo akichakura uani kutwa nzima. Hata hivyo, penye joto na unyevunyevu, jeraha lilo hilo laweza kumwangamiza kwa siku chache. Aghalabu kinachomuua si jeraha lenyewe, bali ni mabuu ya nzi.

Nzi wa kijani na wale wa buluu huvutiwa na harufu ya damu, usaha na kinyesi. Hutaga mayai kwa mamia, meupe yenye umbo la punje ndogo za mchele, kandokando ya kidonda au kwenye manyoya yaliyoloa chini ya mkia. Hali ya hewa ikiwa ya joto, mayai hayo huanguliwa katika muda usiozidi siku moja. Mabuu huanza kula nyama mara moja, kidonda hupanuka, na harufu yake huwaita nzi wengine. Barani Afrika yupo pia nzi ambaye mabuu yake huchimba nyama hai, wala hayangoji ioze.

Majeraha yenyewe hutokana na mambo ya kawaida. Kuku waliosongamana hudonoana; kipi cha jogoo, ule mwiba wa mguuni, huchana mgongo wa tembe; mbwa, paka, nguchiro na mwewe hushambulia; misumari na ncha za waya bandani hukwaruza. Isitoshe, kuku anayehara, mzee au mnene kupita kiasi huchafuka manyoya ya nyuma, na nzi hutaga hapo hata kama hana kidonda.

Kuku aliyeumia atengwe mara moja, kwa kuwa wenzake huvutiwa na rangi nyekundu ya damu wakaendelea kumdonoa. Damu ikitoka, kidonda kikandamizwe kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa. Kisha manyoya yanayokizunguka yapunguzwe kwa mkasi, na kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, yenye gramu 9 za chumvi kwa kila lita. Baada ya hapo, dawa ya iodini iliyozimuliwa hadi ifanane na chai hafifu ya mkandaa yaweza kupakwa. Jeraha la kifua au tumbo linalotoa mapovu lisimwagiwe maji, maana kuku ana mifuko ya hewa iliyounganika na mapafu. Hilo ni la daktari wa mifugo, sawa na jeraha la kuumwa na mbwa au paka, ambalo huingiza viini ndani.

Mabuu yakionekana, mfugaji avae glavu, aoshe kidonda kwa maji hayo ya chumvi na kuyatoa moja moja kwa kibano. Manyoya yenye mayai yakatwe. Mabuu yatiwe katika maji yanayochemka au yachomwe. Yakitupwa chini hujichimbia udongoni na kugeuka nzi. Kuku akaushwe vizuri, awekwe mahali penye kivuli palipozingirwa kwa wavu usiopitisha nzi, na kidonda kikaguliwe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, kwa sababu mayai yaliyosazwa huangua baadaye.

Mafuta taa, oili chafu ya gari na dawa ya kuogeshea ng'ombe visitumiwe kamwe. Huunguza nyama, na sumu yake hupenya mwilini kupitia kidonda. Dawa za kuua mabuu, sindano na dawa za kupuliza zenye antibiotiki zitolewe kwa maagizo ya mtaalamu, ambaye pia ataeleza mayai na nyama visiliwe kwa siku ngapi. Nchini Kenya, huduma za mifugo mashinani zimekuwa chini ya serikali za kaunti tangu 2013, hivyo afisa wa mifugo wa wadi ndiye wa kuulizwa kwanza. Iwapo mabuu yamepenya hadi tumboni, kumkomesha kuku huyo mateso ndio utu. Nyama yake isiliwe, na mzoga uzikwe shimo refu.

Kinga haihitaji gharama kubwa. Nzi wa nyumbani hukamilisha safari ya kutoka yai hadi nzi kamili kwa takriban siku saba hadi 10 penye joto. Kwa hiyo kinyesi kikizolewa angalau mara moja kwa wiki, mzunguko huo hukatika. Maranda yaliyolowa yaondolewe siku hiyo hiyo, hasa chini ya vyombo vya maji. Mbolea irundikwe mbali na banda na kufunikwa. Ncha za waya zikunjwe, na kuku wasisongamane. Anayehara atafutiwe chanzo, iwe ni minyoo, chakula au ugonjwa.

Zaidi ya yote, kila kuku ashikwe na kutazamwa chini ya mkia na chini ya mbawa, angalau mara moja kwa wiki na kila siku wakati nzi ni wengi. Anayejitenga, anayesinzia au kutoa uvundo asingojewe hadi kesho. Mdharau mwiba mguu huota tende.