Dawa ya Mgonjwa na Heshima ya Mkimbiaji

Sisi wa bonde la Lambwe twaijua thamani ya dawa. Mbung'o waliwaletea watu malale na ng'ombe nagana. Mgonjwa wa malale alipimwa kwanza na daktari, ndipo akapewa dawa yake, nayo ilikuwa kali. Hakuna mwenye afya njema aliyekwenda kuiomba. Lakini katika michezo ya zama zetu wenye afya wametumia dawa za wagonjwa ili wapate kushinda, na hayo yameacha majeraha.

Mwezi wa Machi, 1991, katika mji wa Antwerp, Ubelgiji, Lydia Cheromei wa Kenya alishinda mbio za nyika za dunia za wasichana. Alikuwa na umri wa miaka 13 tu! Mwaka 2005, akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, alipimwa, ikaonekana klomifini mwilini mwake. Dawa hiyo madaktari huwapa wanawake wasiopata mimba. Wanamichezo wamekatazwa kuitumia. Akafungiwa miaka 2. Baadaye alirudi, na mwaka 2012 akakimbia marathoni ya Dubai kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 30. Miguu ilikuwa bado na nguvu. Lakini tangu hapo kila anayesimulia ushindi wa yule mtoto husimulia na kifungo pia.

Kisa cha pili kilitokea mbali na jua letu. Kamila Valieva wa Urusi alikuwa bingwa wa kuteleza juu ya barafu. Tarehe 25 Desemba 2021, akiwa na miaka 15, alipimwa, na mwilini mwake ikaonekana trimetazidini, dawa ya moyo. Majibu yalifika Februari 2022, naye yuko Beijing katika Michezo ya Olimpiki, tena amekwisha kuisaidia timu yake kushika nafasi ya kwanza. Mahakama ya michezo ilimruhusu kuendelea, kwa kuwa alikuwa bado mtoto. Akaingia uwanjani huku dunia yote ikimkodolea macho. Akaanguka mara kwa mara, akawa wa 4. Mawakili wake walisema dawa ilikuwa ya babu yake. Mahakama haikuridhika, na Januari 2024 ikamfungia miaka 4 tangu siku ile aliyopimwa. Ushindi wa timu ukapewa Marekani.

Je, ni haki mtoto abebe mzigo huu peke yake? Mtoto huishi kwa amri ya walimu na madaktari wake. Hata hivyo sheria yasema kwamba mwanamichezo ndiye wa kujibu juu ya kila kilichomo mwilini mwake. Kenya nayo, baada ya majina makubwa kama Rita Jeptoo kuanguka mwaka 2014, ilitunga sheria yake mwaka 2016 na kuunda shirika la kuwapima wanamichezo.

Wahenga walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi, wanafunzi wangu, mtu akikuletea kidonge au sindano ili ukimbie zaidi, muulize: hii ni dawa ya ugonjwa gani, na mgonjwa ni nani? Akikosa jibu, mrudishie dawa yake, hata kama ni mtu unayemheshimu. Mbio zikishindwa leo, kesho zipo. Jina likichafuka, kulisafisha ni kazi ya maisha.