Waliokaa na Waliosimama: Historia ya Kazi Babati katika Picha za Zamani

Fungua gazeti lolote la Kiswahili kwenye kurasa za habari za mikoani, utaikuta "picha ya pamoja". Mgeni rasmi amekaa katikati. Kulia na kushoto kwake wamejipanga wakubwa kwa kufuata vyeo, na nyuma yao safu mbili tatu za watu waliosimama, wengine wakichungulia kati ya mabega. Maelezo ya picha humtaja wa katikati kwa jina na cheo, humtaja mmoja au wawili waliomzunguka, kisha humalizia na "baadhi ya watumishi". Dereva aliyewaleta hayumo. Mara nyingi ndiye aliyekabidhiwa simu apige.

Mpangilio huo haukubuniwa na maofisa habari wa halmashauri zetu. Una umri wa zaidi ya miaka mia, na anayetaka kuufuatilia anaweza kuanzia Babati, mji uliokulia kando ya njia, ukipigwa picha na wapita njia kabla wenyeji hawajawa na kamera zao.

Wajerumani waliita eneo hili Ufiome, jina walilolitumia pia kwa mlima Kwaraa unaousimamia mji hadi leo. Hapakuwa na mji wakati huo. Palikuwa na Wagorowa na ng'ombe wao, Wambugwe kule bondeni kaskazini, Wairaqw wakishuka taratibu kutoka nyanda za juu za Mbulu, Wabarbaig kusini na magharibi, na ziwa lenye viboko. Serikali ilikaa mbali, kwenye maboma ya Kondoa na Mbulu. Waliokuja na kamera walikuwa wapelelezi na wanajiografia. Oscar Baumann alipita upande huu wa Bonde la Ufa mwaka 1892, Fritz Jaeger akazunguka nyanda za mashimo ya volkano mwaka 1906 na 1907, na Erich Obst akafuata miaka michache baadaye. Picha nyingi za zama hizo leo zimehifadhiwa Ujerumani. Mkusanyiko wa picha za kikoloni ulioko Frankfurt peke yake una maelfu kwa maelfu, na sasa mtu anaweza kuzitazama kwenye intaneti akiwa ameketi Babati.

Ukizipitia kwa utulivu utaona kwamba picha za kazi ni chache sana, ilhali kazi imo karibu katika kila picha. Mlima ulipigwa kwa sababu watu walibeba kamera, vioo vyake, hema na maji hadi kwenye kilima cha jirani. Mzungu amekaa kwenye kiti cha kukunja. Kiti hicho kilikuja kichwani mwa mtu. Maelezo nyuma ya picha hutaja jina la mlima, jina la mwenye kiti, pengine hata aina ya mti. Wabebaji huandikwa kwa neno moja tu: wapagazi. Mbuyu umepata heshima ya kuandikwa kwa Kilatini, na aliyelala chini yake baada ya mwendo wa siku nzima hakuandikwa kwa lugha yoyote.

Aprili 1916 vita vikapita hapa. Askari wa farasi wa Jenerali van Deventer walitoka Arusha, wakateka Lolkisale, wakapita Ufiome na kuingia Kondoa kabla mwezi haujaisha. Makumbusho ya Vita ya London yana picha nyingi za kampeni hiyo, na humo wapagazi wanaonekana kama mstari mrefu usio na mwisho. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu ya Waafrika hawakuwahi kukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wenzao Wazungu, ikaomba radhi. Radhi hiyo ilichelewa zaidi ya karne moja, na sehemu ya chanzo chake ilikuwa jambo la kiofisi kabisa: kuna orodha zilizotunzwa, na kuna orodha ambazo hakuna aliyejishughulisha kuziandika.

Mji wenyewe ni mtoto wa barabara. Katika miaka ya 1920 na 1930, Waingereza walipoitengeneza ile njia kuu ya kutoka kusini mwa Afrika kwenda kaskazini, Babati ikawa kituo kati ya Arusha na Dodoma. Maduka ya Wahindi yakajipanga, hoteli ya Wazungu ikasimama, na walowezi wakachukua mashamba kuelekea Bonde la Kiru. Sehemu ya nguvu kazi ya barabara hiyo ilitoka kwa watu wasiokuwa na fedha ya kodi, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliruhusu kodi ilipwe kwa jasho. Wengine walishika kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi, ambayo haikuleta mshahara mpaka miraba yote ijazwe. Aliyeijaza kadi, au aliyekataa kuijaza kwa kuwa mtu amechelewa au amejibu vibaya, alikuwa mnyapara. Naye katika picha za mashamba hukaa mahali pa ajabu: hayuko na waliokaa wala na waliosimama, bali pembeni, fimbo mkononi, akiutazama mstari badala ya kamera.

Babati ya wakati huo iliwavuta watu mashuhuri. Bror Blixen, aliyekuwa mume wa mwandishi Karen Blixen, alisimamia shamba la Singu lililomilikiwa na Richard Cooper. Ernest Hemingway aliwinda katika nchi hii mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934, na kitabu alichokiandika, kilichotoka mwaka 1935, kinaitaja Babati. Picha za safari hiyo ziko Boston, katika maktaba ya Rais Kennedy: pembe, bunduki, tabasamu. Ila kinachonigusa mimi ni majina. Miongoni mwa wasomaji nyayo waliomfikisha Hemingway kwa wanyama wake, mmoja anaitwa Garrick kwa kuwa mwandishi alimwona ana vituko vya mwigizaji, na mwingine anaitwa Droopy. Wasomaji wa dunia nzima wanawafahamu kwa majina hayo ya utani. Wajukuu zao, wakikishika kitabu hicho leo, hawana namna ya kujua kwamba anayezungumzwa ni babu yao. Aliyewahi kuitwa "wewe kijana" kazini mpaka siku ya kustaafu anajua uzito wa jambo hili bila kuelezwa.

Baada ya hapo zikaja picha za boma zenyewe. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, katikati, mguu juu ya mguu. Watemi na majumbe kwenye viti vya pembeni. Makarani nyuma, suruali fupi nyeupe na soksi ndefu. Matarishi na askari chini, wamekaa mchangani au wamepiga goti. Ngazi nzima ya utawala imesimama mbele yako, huhitaji kusoma waraka. Na picha hiyo haikuwa kumbukumbu tu, ilikuwa somo: ikitundikwa ukutani mwa ofisi, kila karani mpya alijua siku ya kwanza aanzie wapi kusimama na nani asimwangalie usoni.

Uhuru ulibadilisha wenye viti. Viti vyenyewe havikuguswa sana, na hilo si dai langu peke yangu, kwani viongozi wa wakati huo walilisema kwa vitendo. Mwaka 1964 sheria iliunda kamati za wafanyakazi. Mwaka 1970 Rais Nyerere akatoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikawakataza viongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Chama tawala hakiandiki katazo la namna hiyo kama tabia yenyewe haipo. Wafanyakazi walilichukua neno kwa neno. Katika miaka miwili mitatu iliyofuata viwanda kadhaa vilisimama, na mara nyingi madai hayakuwa mshahara, yalikuwa lugha ya meneja. Watu waliweka zana chini kwa sababu ya kutukanwa. Kisha serikali ikaona moto umekuwa mkubwa, ikauzima, na ibara ya 15 ikabaki kwenye kabati.

Huku kwetu, enzi hizo Babati ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Hanang. Wilaya yake yenyewe ilizaliwa mwaka 1985. Picha za ofisi za kipindi hicho zimo majumbani, kwenye albamu za karatasi ya kunata. Za rangi zimeanza kuwa nyekundu kwa sababu rangi ya buluu huwahi kufa, na za nyeusi na nyeupe bado zinang'aa. Nyingine ziliondoka na maji ziwa lilipofurika mwaka 1990. Mpe mstaafu picha ya idara yake ya zamani, umwamkie, umsubirie avae miwani. Mara nyingi haanzi na waliokaa. Kidole chake kinakwenda safu ya nyuma.

"Babu, huyu wa mwisho kulia ni nani?"

"Huyu? Huyu ndiye aliyekuwa anajua kila faili liko wapi. Mkuu akipotewa na kitu, anamwita yeye. Mhudumu tu, lakini siku alipohamishwa tuliteseka, mjukuu wangu, usiseme."

Maneno ya namna hiyo huyapati kwenye muundo wa idara, ule mchoro wa masanduku na mistari. Muundo unaonyesha nani anamwamuru nani, na mstaafu anakwambia kazi ilikuwa inapita kwa nani. Ofisi inayougua, yaani ile ya fitina, barua za onyo na uhamisho wa kukomoana, mara nyingi ni ile ambayo ramani hizi mbili zimeachana kabisa na mkubwa hana habari.

Babati ina mfano wake wa mahali ramani hizo zilikutanishwa, na haukutokea ofisini. Ulitokea msituni. Duru-Haitemba ni safu ya vilima vyenye miombo, hekta zipatazo 9,000, kusini magharibi mwa mji, ikizungukwa na vijiji vinane, miongoni mwao Ayasanda, Riroda, Duru na Gidas. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu huo hifadhi yake. Mipaka ikaanza kupimwa, na matokeo yakawa kinyume: watu waliosikia kwamba msitu si wao tena wakakimbilia kukata kabla hawajafungiwa. Bwana misitu katika mpango ule alikuwa mnyapara wa miti. Kazi yake ilikuwa kukamata, na ya mwanakijiji ilikuwa kukwepa.

Mwaka 1994, mradi ukiwa unafadhiliwa na Wasweden na mshauri wake akiwa Liz Wily, maofisa misitu wa Babati walikubali jambo gumu kwa mtumishi yeyote: kuachia madaraka. Walivirudia vijiji na kuviuliza vingeutunzaje msitu wenyewe. Vijiji vikaweka kanuni, vikachagua walinzi wao, vikajigawia maeneo, na mwaka 1995 halmashauri ya wilaya ikaidhinisha sheria ndogo zao. Ofisa misitu akawa mshauri. Alikuja kijijini kwa kuitwa, akaketi kwenye benchi lilelile walilokalia wenyeji, na akisema jambo lisilowezekana aliambiwa. Ukataji ukapungua, miti ikaota upya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayotambua misitu ya hifadhi ya vijiji nchi nzima, ina deni kwa vilima hivyo. Kwangu mimi funzo lake kwa ofisi ni kubwa kuliko semina nyingi za "utawala bora" nilizohudhuria: watumishi walewale, mshahara uleule, msitu uleule, kilichobadilika ni nani anauliza na nani anajibu.

Mwaka huohuo wa 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha, na Babati ikawa makao makuu. Ofisi zikaja, watumishi wakahamia, nyumba za kupanga zikapanda bei, na lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma ikazinduliwa mwaka 2018. Sheria nazo zimesogea. Ile ya ajira ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28, siku 84 za uzazi kwa mama na 3 kwa baba, na inakataza ubaguzi na unyanyasaji kazini. Mabaraza ya wafanyakazi yapo kisheria. Mengine yanafanya kazi. Mengine hukutana mara moja kupitisha bajeti, watu wakapiga picha ya pamoja, wakachukua posho.

Hapo ndipo picha za zamani zinaweza kufanya kazi kuliko kupamba korido. Idara yoyote ya Babati ina wastaafu wake mjini hapa, Bonga, Dareda, Galapo, Magugu. Waalikwe siku moja na albamu zao, picha zipigwe nakala kwa skana au simu nzuri, na majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino inayopenya. Safu ya nyuma iandikwe kwanza. Majina yaandikwe kamili, na kazi zao kwa jina lake halisi: dereva, mpishi, mlinzi, mpiga chapa, mhudumu. Watumishi wa sasa wakae wasikilize, wakiwemo wakuu wa idara, maana humo watasikia jinsi ofisi yao ilivyokuwa ikiendeshwa kweli, nani alionewa, nani aliombwa ushauri kwa siri, na kwa nini mtu fulani mwenye uwezo aliacha kazi bila kuaga. Picha za aibu nazo zisifichwe. Ya Bwana Shauri na matarishi waliopiga goti itundikwe karibu na ya mwaka jana, watu wahesabu wenyewe kilichobadilika.

Na kwa wenzangu wa magazeti, ombi langu ni dogo: mkipiga picha ya pamoja, mumwite na dereva aingie, na maelezo yaanzie kwa waliosimama.