Kijumbe, si "Mlipaji Mmoja"

Katika waraka wa semina uliopita mikononi mwangu karibuni nimelikuta tena: "mfumo wa mlipaji mmoja", yaani bima ya afya ambayo mfuko mmoja huwalipia wote matibabu. Waliolitunga walilifuata neno la kigeni hatua kwa hatua, wakasahau kuuliza Mswahili analisikiaje. Analisikia hivi: yupo mtu, tajiri au mfadhili, anayetulipia sote. Kumbe tunaolipa ni sisi. Yeye anashika na kukabidhi.

Hapa Unguja kosa hilo lina uzito wake. Tumekulia matibabu bure yaliyotangazwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwambie mzee wa Malindi kwamba analetwa "mlipaji mmoja", atakujibu kuwa huyo tunaye tangu enzi za Karume. Kilichoongezeka ni mchango wa mtu kwa jina lake, kupitia Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uliowekwa kwa Sheria Namba 1 ya 2023 na kuanza na watumishi wa umma. Neno lisiloonesha mchango linaficha jambo lenyewe.

Mimi nasema kijumbe. Kina mama wa mitaa yetu hawahitaji kufafanuliwa: katika mchezo, au upatu, kijumbe ndiye anayekusanya fungu la kila mmoja na kumkabidhi mwenye zamu. Fedha si zake. Hachagui wa kumpa. Tofauti ni moja tu, kwamba katika afya zamu huletwa na maradhi.

Mzizi wake nao unanifurahisha. Mjumbe ni mtu aliyetumwa. Jumbe, kule Mrima, alikuwa mkubwa wa mji, na Wajerumani walipoingia wakamfanya mkusanya kodi chini ya akida. Kiambishi ki- kinamrudisha mkusanyaji huyo kwenye kimo chake, awe mdogo kuliko waliomchangia. "Bima" haina utajiri huo: imetufikia kwa njia ya Bara Hindi kutoka Kiajemi, ambako bīm ni hofu. Wapo waliopendekeza "bia", neno zuri la kale la kushirikiana gharama, lakini kinywaji kimeshaliua. "Kikoa", mlo wa kuchangiana, ni zuri pia, ila hunukia biriani.

Niliwahi kulipeleka kijumbe mbele ya kamati moja. Nikaambiwa ni neno la uani. Kana kwamba Kiswahili kilizaliwa ofisini! Mjumbe mmoja akapendekeza "mlipaji pekee", na wenzake wakaitikia kwa vichwa, ingawa upweke wa huyo mlipaji ndio uliokuwa ukilalamikiwa.

Na kijumbe kinaeleza hata ugumu wa kazi. Afya si jambo la Muungano. Bara wana mfuko wao wa taifa ulioanzishwa kwa sheria ya 1999, na 2023 wakapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Sisi tuna wetu. Mgonjwa wa Mnazi Mmoja akipewa rufaa ya Muhimbili, swali ni la vijumbe wawili: nani amkabidhi nani? Kijumbe wa kisiwa ana wachangiaji wachache, na wengi wao hawana hati ya mshahara: mkulima wa mwani wa Paje, nahodha wa ngalawa, muuza urojo wa Forodhani anayehesabu chake usiku. Ugumu huo si wetu peke yetu. Vermont, jimbo dogo la Marekani, walipitisha sheria yao ya kijumbe mmoja 2011. Desemba 2014 gavana akaiacha, kwa kuwa hesabu ilidai waajiri watoe asilimia 11.5 ya mishahara. Saskatchewan ya Kanada walifika 1962, baada ya madaktari kugoma siku 23. Tofauti ya majimbo hayo mawili hutaiona ndani ya "mlipaji". Utaiona ukiuliza nani anachanga, kiasi gani, na nani anakataa kupokea mkononi mwa kijumbe.

Hoja pekee ya wapinzani wangu yenye uzito ni kuwa vijumbe hukimbia na fedha. Ni kweli, nami nimewahi kukimbiwa. Lakini ndiyo sababu kila mwenye mchezo anajua kumdai kijumbe daftari. Huyo "mlipaji" wao, anayelipa kwa hisani, nani atathubutu kumuuliza mahesabu?

Matumizi: bima ya kijumbe mmoja; kinyume chake, bima ya vijumbe wengi; anayetoa ni mchangiaji; anayetibu ni mpokeaji.