Kabati la Wakanda: Nani Alivaa Nini Kwa Black Panther, na Hiyo Nguo ni ya Nani

Kuna wasee bado wanabisha kwa base ati mavazi ya Black Panther ni "mtindo wa Kiafrika" tu, yaani mtu alichukua rangi kali, akaweka shanga, akamaliza. Zii. Ukisimamisha hiyo muvi na uicheki polepole, karibu kila kitu kiko kwa mwili wa mhusika kina wenyewe, na wengi wao wako hai leo na bado wanakivaa. Na kama uliiona kwa kibanda cha muvi, ile ya sauti ya DJ juu, basi majina mengi yalikupita. Huku Masara watu wanamjua Okoye kama "yule manzi wa kipara" hadi leo. Kwa hivyo hii hapa ni ya kuweka, ndio next time ukibishana uwe na facts.

Aliyeunda hizo nguo ni Ruth E. Carter, mathe kutoka Springfield, Massachusetts. Alikuwa ameshateuliwa Oscar mara mbili, kwa Malcolm X (1992) na Amistad (1997), na akatoka mikono mitupu. Black Panther ikatoka Februari 2018 chini ya Ryan Coogler, ikavuna zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, na usiku wa 24 Februari 2019 Carter akawa mtu Mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mavazi. Machi 2023 akachukua ya pili kwa Wakanda Forever. Hakuna mwanamke Mweusi alikuwa amewahi kuwa na Oscar mbili kabla yake. Hiyo ya pili aliitoa kwa mamake, aliyekuwa ametoka kufariki wiki hiyo akiwa na miaka 101.

Kitu cha kushika kichwani ni hiki: Wakanda imegawanywa kwa makabila, kila kabila lina rangi yake, na kila rangi ina mahali ilitolewa. Rudia ile scene ya maporomoko ya maji T'Challa akipigania kiti. Wale watu wamejipanga kwa miamba wakiimba hawajavaa ovyo. Kijani ni watu wa mto. Buluu ni watu wa mpaka. Zambarau ni wafanyabiashara, na hao wamekopa kwa Watuareg wa jangwani. Wachimba madini wako na ile rangi nyekundu ya udongo ambayo wanawake wa Himba kule Namibia hujipaka mwilini.

OKOYE NA DORA MILAJE

Hapa ndio moto uko. Dora Milaje ni walinzi wa mfalme, wote wanawake, na waliingia kwa vitabu vya Marvel mwaka 1998. Lakini kwa vile vitabu walichorwa na viguo vifupi na visigino virefu, kama wanaenda klabu. Carter akafuta hiyo mambo yote. Kwa muvi wamefunikwa, viatu ni vya kukimbia na kupigana, na bado hakuna mtu amewahi kusema hawatoki fiti.

Ile nyekundu ni ya Wamaasai. Shanga za kifuani zinatoka kwa Wamaasai na Waturkana, kwa hivyo Mkenya akiziona anajisikia nyumbani bila kuambiwa. Pete za shingo ni za Wandebele wa Afrika Kusini. Ngozi ya mwilini imefuata kazi ya wanawake wa Himba. Alafu kuna ka-detail mafans wengi hukosa: pete za Okoye ni za dhahabu, za wengine wote ni za fedha. Hakuna mahali kwa muvi mtu anakuambia huyu ni jenerali kwa sababu ya pete. Unaona tu. Na ile sehemu ya shanga inayoshuka mbele, Carter aliiwaza kama kitu mama anamwachia binti yake.

Okoye mwenyewe ni Danai Gurira, aliyezaliwa Marekani na kulelewa Zimbabwe. Lakini kama unataka jirani, mwangalie Ayo, yule wa pili kwa amri. Huyo ni Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, akalelewa Ujerumani. Alitokea mapema kuliko wenzake, kwa Captain America: Civil War ya 2016, akaonekana dakika chache tu na mtandao ukasimama.

Sasa, swali la doo. Shuka nyekundu na shanga za Wamaasai zimeuza magari, viatu na mikoba ya bei ghali kwa miaka, na kwa kawaida Mmaasai mwenyewe haoni hata bob. Ndio maana kuna Wamaasai waliounda mradi wa kudai haki ya jina na sura yao, na kampuni zilipie kama zinavyolipia jina lingine lolote. Mimi kwa hiyo niko upande wao kabisa. Sifa bila malipo ni ile "exposure" tunayopewa sisi watu wa content, na hiyo hainunui unga.

MALKIA RAMONDA

Ile kofia kubwa ya Angela Bassett ni isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu. Si kofia ya kila mtu: ni ya mwanamke aliyeolewa. Carter aliichukua akaipeleka kwa Julia Koerner, mbunifu wa Austria, ikatengenezwa na printa ya 3D. Ndio maana ukiikaribia inaonekana ni ya zamani na ya kesho kwa wakati mmoja. Kwangu hiki ndicho kipande bora cha muvi yote, kuliko hata suti ya T'Challa. Niko tayari kubishana.

W'KABI NA BLANKETI

Daniel Kaluuya alizaliwa London na wazazi wa Uganda, so huyo pia ni wetu kidogo. Watu wake wa mpaka wanavaa blanketi za Basotho, zile za Lesotho ambazo mtu wa kule huvaa kwa sherehe, kwa baridi, na akienda zake dukani. Carter aliagiza kama 150 kutoka Afrika Kusini. Zikachapwa alama za fedha upande mmoja ndio zikae kama vibranium, kwa sababu kwa muvi hizo blanketi hugeuka ngao. Alafu studio ikasema ni nene mno. Suluhisho? Msaidizi wake akakaa chini na mashine ya kunyolea ndevu, akazinyoa masaa na masaa. Ukiona shujaa amerusha blanketi kwa steji, kumbuka kuna mtu aliinyoa kama kinyozi wa mtaa.

M'Baku na Wajabari nitawapita haraka: ngozi, mbao, rafia, kinyago cha sokwe, na ule utani wa kula watoto ambao unaisha wakisema hawali nyama. Winston Duke alibeba hiyo nguo kwa mwili, si nguo iliyombeba.

NAKIA, NYAR NAM

Lupita Nyong'o ni mtu wa kabila la mto, na kwa Mjaluo hiyo ni utani unaojiandika wenyewe. Tarehe 13 Februari 2018, siku kadhaa kabla Marekani haijaiona, Black Panther ilioneshwa Kisumu, kaunti ambayo gavana wake ni buda yake Lupita. Watu walitokea wamevaa kama wako Wakanda. Nyanza ilijiona kwa skrini.

Lakini ukichunguza kijani cha Nakia, hakina Kijaluo. Watu wa mto walijengwa juu ya Wasuri wa Ethiopia kusini, bonde la Omo. Gauni lake la kule kasino ya Korea limechapwa mistari ya kente, hiyo ni Ghana. Bantu knots za kichwani ni za watu wengi. Hakuna mahali utaelekeza kidole useme hii ni ya Nam Lolwe.

Nikiwa hapo kwa kasino: cheki wale watatu wakiingia. T'Challa mweusi, Okoye mwekundu, Nakia kijani. Ni rangi za bendera ya watu Weusi duniani, zile zilizo kwa ya Kenya pia. Ongeza tu nyeupe.

Kwa hao hao watu wa mto kuna mzee wa suti ya kijani na kisahani kwa mdomo wa chini, Isaach de Bankolé. Alitoka freshi sana. Shida ni kwamba kwa Wasuri na Wamursi kisahani cha mdomo ni cha wanawake. Hapo Carter na timu yake walichukua kitu chenye maana wakakitumia kama pambo, na mtu wa Omo akiiona lazima acheke au akasirike.

KILLMONGER

Vile vidoti vya Michael B. Jordan, kila kimoja kwa muvi ni mtu aliyeuawa. Viliigwa kutoka kwa chale za hao hao Wamursi na Wasuri, ambao kwao chale pia ni urembo, si hesabu ya maiti tu. Kwetu Wajaluo mwili uliandikwa mahali pengine: nak, kung'oa meno sita ya chini. Kuna babu na nyanya bado wanatembea na hiyo alama.

Lakini scene yake ya maana ni ile ya makumbusho London, anaposimama mbele ya vioo na kuuliza hivi vitu mlivipata vipi, kisha anaondoka na kinyago. Hicho kinyago kimefuata vya Waigbo vinavyoitwa mgbedike. Wasee hushangilia hapo kwa sababu ni ngori na mtu anapigwa. Sasa weka hii namba kando yake: mradi wa kuhesabu vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo, International Inventories, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 kwa makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2021 waliweka maonyesho Nairobi kuhusu hiyo mambo. Killmonger alichukua kimoja.

SASA, KABATI LETU

Hii ndio sehemu mafans wa Migori na Homa Bay huniuliza: tukienda NAICCON au sherehe yoyote ya kosplei, lazima tuvae kama Mmaasai aliyepitia Hollywood? Hapana. Nguo za Kijaluo zipo kwenye rekodi. Mwaka 1936 mtafiti Evans-Pritchard alipita Nyanza na kamera, na picha zake ziko Pitt Rivers, jumba la makumbusho Oxford. Nyingine ziko kwa intaneti, tafuta Luo Visual History. Utakutana na wazee wamevaa kofia za manyoya ya mbuni na meno ya kiboko, mtu mmoja anaonekana mkubwa kuliko mlango.

Vipande vya kujua: kondo ni ile taji ya manyoya. Kuot ni ngao ya ngozi, tong ni mkuki, tigo ni shanga. Orengo ni usinga wa mkononi, ule mzee anapunga akiongea. Ogut tigo ni kofia ya shanga, na kama unataka mhusika wa hiyo, Jaramogi Oginga Odinga alivaa hivyo maisha yake yote ya siasa, kofia na usinga, hadi ukichora hizo mbili bila uso mtu anajua ni nani. Huo ndio uundaji wa mhusika ambao Carter alilipwa kufanya.

Chieno nayo ni mkia wa nyuzi wa nyuma, na ni ya mwanamke aliyeolewa, kama isicholo ya Ramonda. Kwa hivyo dada, kama hujaolewa na unataka kuivaa kwa picha, uliza dani kwanza. Atacheka, kisha atakuambia vitu hakuna makumbusho yameandika.

Na mji wa siri tuko nao. Thimlich Ohinga, hapa Migori, ni boma la kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, juu hadi zaidi ya mita 4 mahali pengine, zimesimama labda tangu karne ya 16. UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia Juni 2018, miezi 4 tu baada ya Wakanda kufungua milango kwa sinema. Tumejaza simu picha za Wakanda ya kompyuta na tuko na hii ya mawe kando ya barabara. Kwa kosplei hautapata mandhari kali kuliko hiyo, bora usipande ukuta.

Onyo moja kwa fundi. Usitafute jino la kiboko la ukweli. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haijali kama ni ya kosplei: ukipatikana nalo bila kibali cha KWS, hiyo ni kesi. Kata mbao nyepesi au bomba la plastiki, upinde kwa moto, upake rangi ya pembe. Manyoya ya jogoo mkubwa yakipangwa kwa fremu ya waya yanatosha kabisa kwa kondo, na jogoo wako sokoni kila wiki.