Moteri ya fazi moja: kwa nini inanguruma bila kuzunguka

Wenye mashini za kusaga mihogo hapa Goma wanaijua ile sauti ya mangaribi, wakati kura imeshuka: moteri inafanya "mmm", mkanda hautembei, kisha harufu ya kuungua.

Kura ya nyumbani ni fazi moja, volti 220. Peke yake inafanya nguvu ya sumaku iende na kurudi tu, bila kuzunguka. Kwa hiyo moteri inahitaji kitu cha kuisukuma ianze.

Kwenye mashini ya kusaga, anayesukuma ni bobini ya pili pamoja na kondasateri. Mwendo ukifika karibu robo tatu, swichi ya ndani inaikata bobini hiyo. Swichi ikigandama, bobini inaungua. Kondasateri ikikufa, moteri inanguruma. Lakini hata kondasateri ikiwa mupya, volti zikishuka hadi 160, nguvu ya kuanza inabaki kama nusu tu. Kununua kondasateri mangaribi kama hiyo ni kutupa feza. Fundi apime volti kwanza.

Ventilateri ndogo nyingi hazina kondasateri: pete ya shaba inatosha, maana kazi yake ni nyepesi. Mashini ya kutoboa na blenda ziko na makaa. Zinakimbia sana, na makaa yakiisha zinatoa cheche nyingi.

Ukitaka kufungua moteri, angalia: kondasateri inaweza kubaki na kura hata kama umechomoa waya. Fundi anaimaliza kwanza kwa balbu ya zamani, ile ya uzi.